Ingemar Fahlström, Aliyevuka Mpaka Kula Samaki

Ingemar Fahlström alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 huko Eda, magharibi mwa Sweden, karibu kabisa na mpaka wa Norway. Alikuwa kitinda mimba wa mzee Hilding, mpasua mbao, na mama Gerda.

Alisoma Åmotfors hadi darasa la tisa. Wenzake walisimulia kwamba siku moja alivunjika kidole wakati wa mapumziko, akakaa darasani mpaka kengele ya mwisho bila kumwambia mtu. Ndivyo alivyokuwa.

Mwaka 1968 aliajiriwa kutunza njia ya reli kati ya Kil na Charlottenberg. Aliifanya kazi hiyo miaka arobaini na mitano, kwenye theluji na kwenye mbu, hadi alipostaafu mwaka 2013.

Tarehe 12 Juni 1976 alimwoa Torbjørg, binti wa Skotterud, ng'ambo ya mpaka. Walielewana katika mengi, ila si katika rakfisk, yule samaki wa maji baridi anayevundikwa na chumvi kwenye pipa kwa miezi, kisha akaliwa bila kupikwa. Ingemar alisema harufu yake haitaingia nyumbani mwake. Basi kila Novemba Torbjørg alikwenda kwao kula na dada yake Borghild, akalala huko siku mbili hadi harufu imtoke. Mumewe alimpokea mlangoni na kumnusa shingoni kwanza, kama afisa wa forodha. Mambo yakaenda hivyo miaka arobaini na saba.

Kwa hiyo Novemba iliyopita, alipomkuta Ingemar amevaa koti la Jumapili na kusema wanakwenda wote na kurudi siku hiyohiyo, Torbjørg alidhani anataniwa.

"Umepatwa na nini wewe?"

"Nimechoka kulala peke yangu kila Novemba," akajibu.

Jumamosi tarehe 18, ukumbi wa Skotterud ulijaa walaji wa rakfisk. Borghild alimwekea kipande kidogo, kama cha mtoto, na meza nzima ikaacha kula ili imtazame. Ingemar akakifunga ndani ya mkate mwembamba wa viazi, pamoja na kitunguu na malai, akatafuna, akameza. Kisha akasukuma sahani mbele.

"Shemeji, ongeza. Na cha mtu mzima sasa."

Borghild akamwambia kwamba Wasweden huchelewa, lakini hufika. Ingemar alikula sahani tatu.

Jioni Torbjørg ndiye aliyeendesha gari. Walipopita alama ya mpaka alimwuliza kama mwakani watakwenda tena. Hakujibiwa. Akamtania kwamba shibe imemlaza. Alipomgusa mkono, ulianguka. Alisimamisha gari kando ya barabara akamwita kwa jina lake, kwa Kinorwe, mpaka gari la wagonjwa likafika. Daktari alisema ni moyo.

Sisi wa familia tulidhani hakuwa na ugonjwa wowote. Siku ya pili, mwanawe Annika akitafuta vyeti mezani, alikuta barua ya hospitali ya tarehe 4 Septemba: kilango cha moyo kimebana, anahitaji kupasuliwa haraka. Chini yake kulikuwa na nakala ya jibu lake, kwa mwandiko wake mwenyewe, kwamba anashukuru lakini hapana. Hakumwambia mkewe. Hakumwambia yeyote. Hadi leo tunapokaa mezani hatujui tuanze na swali gani.

Marehemu ameacha mjane, Torbjørg, watoto wawili, Annika na Jerker, wajukuu watatu, na shemeji yake, Borghild. Torbjørg hakutaka tuandike kwamba amemsamehe. Ametaka tuandike kwamba bado anagombana naye jikoni kila asubuhi, na kwamba hajaacha kumwandalia kikombe.

Udongo wa Eda umpokee taratibu, naye apate utulivu.