Kwanza Sema Yuko Hai: Mama Viti Anatuaga

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, muuguzi mwandamizi wa kitengo chetu cha utafiti wa tiba ya dharura na wagonjwa mahututi anastaafu Ijumaa hii, siku ya mwisho ya mwezi. Jina lake limo kwenye kadi ya mwaliko, lakini nikilitumia hapa nusu ya hospitali itauliza ni nani huyo. Kuanzia wafagizi hadi mkurugenzi, sote tunamwita Mama Viti. Mimi ninayeandika ndiye ninayekabidhiwa kazi yake Jumatatu, kwa hiyo msomaji anisamehe maandishi haya yakitetemeka kidogo.

Alianza kazi mapokezi ya dharura akiwa msichana mwembamba. Ndivyo anavyodai, ila picha hatujaonyeshwa. Alikuwa hodari wa kuupata mshipa kwenye mkono wa mgonjwa aliyekaukiwa maji, na mkali kama pilipili kwa yeyote aliyegusa mkasi wake. Baadaye akahamishiwa chumba cha mahututi, na huko ndiko alikokutana na daktari mtafiti ambaye tangu hapo wamekuwa wakigombana naye kwa heshima zote kila siku ya kazi. Daktari huyo, kiongozi wetu hadi leo, tunamwita Saa Ngapi. Hilo ndilo swali lake la kwanza aingiapo mlangoni, hata kama saa ya ukutani inamtazama usoni.

Utafiti wetu ni wa watu wanaofikishwa wakiwa hoi. Tunataka kujua, kwa mfano, mgonjwa ambaye maambukizi yameingia kwenye damu na presha inaporomoka apewe dripu nyingi kama tulivyozoea, au apewe kidogo na dawa ya kupandisha presha ianze mapema. Madaktari wanazitumia njia zote mbili, na hakuna mwenye uhakika ipi inaokoa zaidi. Ndiyo maana kompyuta inapiga kura nani apate ipi. Lakini kabla ya kura lazima idhini itolewe, na mgonjwa mwenyewe hajitambui, na muda hausubiri. Basi mtu anatumwa akamuulize mke, mama au kaka aliyesimama koridoni akiwa ameshika viatu vya mgonjwa. Kwa miaka mingi mtu huyo amekuwa Mama Viti.

Jina lenyewe lilikuja hivi. Tulikuwa na chumba kidogo chenye mapazia ya kijani, ambamo madaktari waliwaita jamaa kuwapa habari za msiba. Katika utafiti wake wa kwanza, Mama Viti aliona ni adabu kumkaribisha humo mama wa kijana aliyegongwa na pikipiki, wapate utulivu wa kuzungumza. Mama yule alikuwa ameshinda pale akiwaona watu wakiingia chumba kile kwa miguu yao na kutoka wakishikiliwa. Mlango ulipofunguliwa tu akaanguka chini akilia. Mjomba akapiga simu nyumbani, na kabla Mama Viti hajapata nafasi ya kusema neno, ukoo mzima ulishaanza kuulizana maziko ni lini. Kijana alikuwa kitandani, moyo wake ukidunda vizuri tu. Leo ni fundi umeme, na kila akija kutengeneza taa zetu hutuambia kwamba yeye alishaliliwa, siku yake ikifika tusijisumbue.

Sisi tunacheka, lakini Mama Viti hajawahi kuicheka hadithi hiyo. Siku iliyofuata alibeba viti viwili vya plastiki kutoka kantini akaviweka koridoni, karibu na dirisha, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupewa habari mbaya. Kimoja kizima, kingine kina mguu uliopasuka. Hicho kibovu alikuwa akikikalia yeye. Mumewe, ambaye ni seremala, alikifunga mguu kwa kipande cha mbao na skrubu, akatuonya kwamba plastiki si fani yake na asilaumiwe mtu akianguka.

Kwenye viti hivyo neno la kwanza lilikuwa lilelile siku zote: "Mgonjwa wako yuko hai. Nimekuja kwa jambo lingine." Hata salamu ilikuja baadaye. Kisha angeeleza utafiti bila madoido, na mwishoni angemwomba ndugu amweleze yeye, kana kwamba yeye ndiye mgeni aliyeleta mgonjwa. Asiyeweza kueleza hakupewa kalamu. Na aliyekataa alifuatwa baadaye kwa kikombe cha chai, ili aone kwamba hakuna aliyemnunia na kwamba mgonjwa wake bado anageuzwa, anasafishwa na kupewa dawa kama wenzake.

Nisimpambe kupita kiasi, maana atakuwepo ukumbini na ana masikio. Alikuwa mzito wa kuamua. Mara kadhaa muda wa kuingia kwenye utafiti ulipita akiwa bado anaeleza kwa mara ya tatu, na Saa Ngapi akizunguka nyuma ya mlango wa kioo kama mtu aliyepoteza funguo. Yeye alisema haraka haraka haina baraka. Daktari alijibu ngoja ngoja yaumiza matumbo. Wote wawili walikuwa na haki. Kila mgonjwa tuliyemkosa alisogeza mbali zaidi jibu ambalo wagonjwa wa kesho wanalihitaji, na hilo lilimnyima daktari usingizi. Mama Viti naye alikosa usingizi, ila kwa ajili ya wale waliotia sahihi bila kuelewa.

Wiki tatu zilizopita, asubuhi, mumewe seremala aliletwa hapa kwa teksi. Homa kali, maneno hayashikani, presha inashuka huku tukiitazama. Alifaa kabisa kuingia kwenye utafiti wetu wa dripu. Mama Viti alikuwa zamuni, na kwa kanuni zetu hawezi kumuuliza ndugu wa mgonjwa wakati ndugu huyo ni yeye mwenyewe. Saa Ngapi alinitazama. Hakuuliza saa. Nikajua kazi imeniangukia.

Nilivisogeza viti dirishani, na kwa kiwewe nikakikalia kile kizima. Mke wa mgonjwa, mwalimu wangu, akakaa kwenye kile chenye skrubu za mumewe, viatu vya seremala vikiwa mapajani. Nikaanza kwa kutaja jina la utafiti. Nilikuwa na uhakika hahitaji utangulizi. Ametoka kitandani kwa mgonjwa sasa hivi, ameona kifua kikipanda na kushuka. Uso wake ukabadilika rangi. Akanishika mkono na kusema kwa sauti ndogo, "Anza upya, mdogo wangu. Kwanza sema yuko hai."

Nikasema yuko hai. Akalia, nami nikangoja. Niliona aibu, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa ndani ya jengo hili, kwa sababu sasa nilielewa kwamba kila niliyewahi kumwona amekaa pale alikuwa akiningoja mimi au mwenzangu tulitamke neno hilo, hata kama alikuwa analijua.

Nikaeleza yote, kisha nikamwomba anieleze yeye. Akaanza vizuri, akachanganya dripu na dawa ya presha, akarudi nyuma, akachanganya tena. Huyu ndiye aliyeueleza utafiti huohuo kwa jamaa wengi kuliko mtu yeyote kati yetu. Akavitazama viatu. "Sijaelewa," akasema. "Nilikuwa naelewa mpaka jana. Leo sielewi. Kwa hiyo hapana."

Saa Ngapi alikuwa mlangoni. Tulibakiwa na nafasi chache tu kuukamilisha utafiti, na mgonjwa huyu alikuwa anafaa kuliko wengi. Aliondoka, akarudi na kikombe cha chai ambayo nusu yake ilimwagika njiani, akamkabidhi Mama Viti kwa mikono miwili, kisha akaingia ndani kumhudumia seremala kwa njia tuliyozoea.

Hakuna anayejua kama njia ile nyingine ingemfaa zaidi. Ndicho tunachokitafiti, na jibu bado hatuna. Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Seremala aliwekewa bomba la kupumulia, figo zikasuasua, na sote tulikuwa roho juu. Mama Viti alikuja kazini kila asubuhi, akanifundisha makabrasha na kompyuta, vitu ambavyo yeye mwenyewe hajawahi kuviweza, na kila mlango wa mahututi ulipofunguka alisimama katikati ya sentensi. Nami nilishindwa kuandika wasifu huu. Ningemtakia mapumziko mema na mwenzake vipi, na mwenzake hapumui bila mashine? Niliiandika aya ya mwisho mara nyingi, na kila mara nikaifuta.

Jumapili bomba lilitolewa. Jana akahamishiwa wodi ya kawaida. Leo jarida la hospitali lenye wasifu huu linakwenda kwa mchapaji, na Mama Viti, ambaye alikuwa amezama kwenye maboksi ya ofisi yake, aliniomba nikamchungulie mgonjwa kwa niaba yake. Nilikuta pazia limevutwa kuzunguka kitanda. Hivyo ndivyo linavyovutwa mtu akifariki. Nyuma ya pazia seremala alikuwa anabadilishiwa shuka, na alikuwa analalamika kwa sauti ya kukwaruza kwamba kitanda kinalia na hakuna anayejua kukaza nati.

Nilirudi karibu nakimbia. Mama Viti aliniona kutoka mwisho wa korido, akainuka, boksi bado liko mikononi. Bado nilikuwa mbali, na watu walikuwa wengi, na mtu wa heshima hapigi kelele hospitalini. Nikapiga kelele, "Yuko hai!" Koridoni wote wakageuka. Mengine nilimweleza nilipomfikia: anataka bisibisi, ndevu zake hazijanyolewa, na anauliza ni nani aliyekaa kwenye kile kiti hata skrubu zikalegea.

Alicheka mpaka akaketi. Alipofuta machozi akaniambia neno lile nimelisema mahali pake, mwanzoni.

Mama Viti, kwa miaka yote uliyowaketisha watu wakati miguu yao imekataa, kitengo kizima kinakushukuru, na Saa Ngapi anakushukuru kwa maneno yake mwenyewe, ambayo atayasoma Ijumaa kama muda utaruhusu. Tunakutakia mapumziko yenye afya, wewe na fundi wako. Viti vitabaki dirishani. Ukija kututembelea utapewa kile kizima. Kibovu kuanzia Jumatatu ni changu.