Mzee Inategemea na Rimu za Gari Jipya

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mkuu wa karakana yetu anastaafu baada ya kuitumikia kliniki yetu ya macho inayotembea kwa miaka thelathini na mmoja. Jumatatu inayofuata, gari letu jipya linaanza safari yake ya kwanza, kwenda kituo cha mbali kuliko vyote, ambako watu wanasubiri kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Mambo hayo mawili yamegongana, na ndiyo maana wasifu huu umechelewa. Nilipoombwa kuuandika, gari lilikuwa limekaa juu ya magogo uani, halina hata rimu moja.

Lilikuja nazo, tusilisingizie. Zilikuwa pana, za inchi kumi na nane, zinang'aa kama sahani za wageni. Mzee alizivua siku ile ile lilipofika, akazipanga ukutani na kusema ni nzuri sana kwa harusi. Tulipomuuliza basi tununue zipi, akapangusa mikono, akanielekezea kidole mimi, afisa ununuzi, akasema kwamba yeye anaondoka na anayebaki ndiye achague. Kisha akaenda kunywa chai.

Wageni katika ofisi hii watashangaa kwa nini swali dogo kama hilo lilinikosesha raha. Wenyeji hawatashangaa. Wenyeji wanajua kwamba mstaafu wetu haitwi kwa jina lake hata na mkurugenzi. Anaitwa Mzee Inategemea. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, inategemea. Ukimuuliza kama chai ina sukari, inategemea na mnywaji. Mwaka fulani walikuja wafadhili, na mmoja wao akauliza kwa heshima zote ni rimu za aina gani zinazofaa kwa barabara mbovu. Mzee akafikiri, akafikiri tena, mpaka mgeni akaanza kuangalia viatu vyake mwenyewe. Jibu lilipotoka lilikuwa lile lile, ila safari hiyo aliliongezea neno "sana".

Alianza kazi akiwa kijana wa kuosha magari, wakati kliniki ilikuwa na magari mawili na moja kati ya hayo lilikuwa bovu. Akapanda akawa mziba pancha, kisha fundi, kisha fundi mkuu, na leo anaacha magari tisa, yote yanatembea. Yeye ndiye aliyeanzisha desturi ya kugonga rimu kila asubuhi kabla gari halijatoka. Huzunguka na spana ndogo, anagonga, anainamisha sikio, anahamia gurudumu linalofuata. Rimu nzima hulia. Yenye ufa hutoa sauti ya mtu aliyezibwa mdomo. Daktari wetu wa macho hupenda kusema kwamba katika jengo hili wapo madaktari wawili, na mmoja wao ana wagonjwa wasiolalamika.

Si mtu mpole, na kumwandika kama mpole kungekuwa kumsingizia. Anajisifu. Anagomba na redio. Anaamini kwamba hakuna binadamu mwingine duniani anayejua kukaza nati, na ukikaza wewe atakuja nyuma yako kuilegeza ili aikaze upya. Lakini hajawahi kumwacha dereva aondoke bila kumuuliza kama amekula.

Sasa, rimu. Sikwenda kwake mikono mitupu. Nilikuwa nimesoma. Nilijua kwamba rimu ya chuma ni nzito lakini ikipigwa na jiwe hupinda, na iliyopinda unaweza kuinyoosha kwa nyundo popote penye fundi na moto. Nilijua kwamba rimu ya aloi, yaani alumini iliyochanganywa na madini mengine, ni nyepesi, mtikisiko wake ni mdogo na usukani hauchoshi, lakini ikipigwa vibaya hupasuka, na ufa haunyooshwi kwa nyundo. Nilijua zipo aloi za kumimina kwenye kalibu na aloi za kufuliwa kwa kugandamizwa, na kwamba hizi za pili ni imara zaidi ila huagizwa mbali na huja kwa wakati wake. Nilijua rimu ndogo yenye tairi nene inafaa kuliko rimu kubwa yenye tairi nyembamba, kwa sababu kinachokaa kati ya jiwe na chuma ni mpira, na mpira ukiwa mwingi ni heri. Nilijua uzito wa gari pamoja na mashine na watu, na kwamba kila rimu lazima iwe imepimwa kubeba sehemu yake na ziada. Nilijua matundu ya nati lazima yalingane na ya gari, yasilazimishwe. Yote hayo nilimwambia, naye akatikisa kichwa kukubali kila moja. Nikamuuliza: basi ni chuma au aloi? Mnajua alichojibu.

Nikaona niwaulize waliosafiri na rimu zake. Dereva wetu anayeitwa Kanyaga, kwa sababu ambazo mguu wake wa kulia unazijua, alinijibu bila kusita: "Dada, andika chuma. Yule ni mtu wa chuma toka zamani." Dereva mwenzake, Dada Taratibu, aliyekuwa anachovya mkate kwenye chai, aliuacha mkate ukazama. "Wewe Kanyaga, muongo usiye na haya! Mimi Mzee alinifungia aloi, tena akaniambia chuma ni cha kubebea mawe." Wakaanza kubishana hapo hapo, huyu anamwita mwenzake konokono, yule anajibu kwamba konokono hufika na gamba lake zima.

Mimi niliondoka nikiwa na furaha, kwa sababu nilidhani nimepata. Mzee anachagua rimu kwa kumtazama dereva. Anayekimbia anapewa chuma, maana ataipinda na itanyooka. Anayekwenda taratibu anapewa aloi, maana atakwepa mawe. Nilikaa na wazo hilo siku nzima, nikalipenda, nikaliandikia hata aya nzuri. Asubuhi yake Kanyaga alikuja dirishani kwangu kunikumbusha kwamba mwaka jana Mzee alimfungia aloi yeye, na Taratibu akapewa chuma. Aya nikaifuta.

Nikajaribu barabara. Labda njia za mawe ni chuma na njia za mchanga ni aloi. Kumbe njia ile ile ya kituo cha mbali imewahi kupewa zote mbili, tena kwa kufuatana. Nikajaribu mzigo. Daktari alinihakikishia kwamba ni suala la mashine ya kupimia macho, ambayo haipendi kutikiswa, na hivyo lazima iwe aloi. Kisha akakumbuka kwamba mwaka mashine ilipokuwa mpya kabisa ilisafiri juu ya chuma, na akaomba radhi kwa kunipotezea muda. Jioni ile nilitazama gari juu ya magogo nikahisi kwamba kila ninachokishika kinageuka samaki na kuniteleza. Nilikuwa najua kila kitu kuhusu rimu isipokuwa ipi.

Hapa panahitaji kutajwa safari moja ambayo Mzee mwenyewe hapendi isahaulike. Miaka kadhaa iliyopita, muuza vipuri mwenye maneno matamu alimshawishi achukue rimu za aloi za kumimina, kubwa, nzuri kwa macho. Alizifunga. Kabla ya kufika kituo cha mbali, gari likaingia kwenye korongo dogo, na rimu ya nyuma ikapasuka. Wakafunga ya akiba, ikapasuka nayo mbele kidogo. Fundi wa kijiji cha jirani aliitazama, akacheka, akawarudishia. Madaktari walifika siku iliyofuata kwa gari la kuazima, bila mashine, na wagonjwa waliokuwa wametembea kutoka mbali wakarudi makwao na macho yale yale. Mzee alisimama mbele yao mmoja mmoja na kusema kwamba kosa si la dereva wala la daktari, ni lake yeye aliyechagua. Rimu moja kati ya zile ndiyo inayoning'inia mlangoni pa karakana. Ndiyo tunayoigonga kuitana chai. Ndiyo maana chai yetu inaitwa kwa sauti mbaya kiasi kile.

Nilikuwa nimelisikia tukio hilo mara nyingi, na kila mara nilisikia habari za ufa. Sikuwahi kujiuliza jambo moja la wazi: mkuu wa karakana alikuwa anatafuta nini ndani ya lile gari?

Aliyenifungua macho ni mkewe. Nilikwenda kwao kutafuta picha ya kuweka juu ya wasifu huu. Shemeji yetu alinikaribisha, akaniambia nisihangaike na picha, zote amefumba macho. Nilimweleza mkanganyiko wangu, naye akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Alisema mume wake alitumia kiangazi kizima kuchagua kitanda cha watoto. Mbao hii, hapana, mbao ile. Alipokinunua hatimaye, watoto hawakuruhusiwa kukigusa kwanza. Alikilalia yeye, mtu mzima, miguu ikining'inia nje kama ya panzi. Asubuhi aliamka hawezi kugeuza shingo, akakirudisha dukani. "Si unajua wanavyosema, mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake? Wengine wanasema tu. Huyu wangu anakwenda kulala."

Nilirudi karakana mbio mbio. Niliwauliza Kanyaga na Taratibu swali jipya: safari ya kwanza ya kila rimu mpya, Mzee alikuwa wapi? Wakatazamana kama watu walioulizwa jua hutokea upande gani. Alikuwa nyuma, wakasema. Kiti cha nyuma upande wa kushoto, juu ya gurudumu. Alivua viatu, akakanyaga sakafu kwa nyayo tupu, akafumba macho, na mtu asimsemeshe. Taratibu akaongeza kwamba mara moja alivisahau viatu kituoni akarudi pekupeku, na mkewe akadhani amenyang'anywa njiani. Sote tunaijua hadithi ya viatu. Tumeicheka kila sherehe. Hakuna aliyewahi kuuliza vilivuliwa kwa nini.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Hakuwa na aina moja. Alichagua, akaikalia, nyayo zikamwambia alipokosea, akarudi akabadilisha. Mwaka mmoja chuma kilimchosha mgongo na kuilegeza mashine, akahamia aloi. Mwaka mwingine barabara ililiwa na mafuriko yakabaki mawe matupu, akarudi kwenye chuma. Kati ya hapo alikosea, na alipokosea alikuwa mle mle ndani pamoja na wale aliowakosea. Sijui kama hii ndiyo kanuni. Bado yapo mabadiliko mawili matatu ambayo siwezi kuyaeleza hata nikipewa mwaka mwingine, na nilipomsomea aya hii alikubali nusu yake tu, akakataa kuniambia ni nusu ipi.

Lakini ilinitosha kuchagua. Nimechukua chuma: inchi kumi na sita, tairi nene, uwezo wa kubeba kupita mzigo wetu, na rimu mbili za akiba badala ya moja. Nimechagua hivyo kwa sababu njiani kwenda kituo cha mbali hakuna anayeweza kutibu ufa, ila nyundo ipo kila mahali. Mashine nimeiwekea godoro chini. Inawezekana nimekosea. Aloi ya kufuliwa ingekuwa nyepesi na imara pia, lakini isingefika kabla ya Jumatatu, na watu wa kituo kile walikwisha kurudishwa makwao safari moja.

Jana rimu zilifungwa. Mzee alizigonga zote, akalegeza nati zilizokazwa na fundi wetu, akazikaza upya. Gari likashushwa kutoka kwenye magogo. Nilimuuliza, kwa mara ya mwisho akiwa bado kazini, kama nimechagua sawa. Nilikuwa nimejiandaa kusikia neno lile. Hakulisema. Alifungua mlango wa nyuma wa kushoto, akakipangusa kile kiti kwa kitambaa chake, akatazama viatu vyangu. Akasema, "Utaniambia ukirudi."

Kwa hiyo Jumatatu gari litaondoka na Taratibu kwenye usukani, daktari kando yake, na mimi nyuma juu ya gurudumu, pekupeku. Sijawahi kufika mbali hivyo. Kanyaga ameahidi kunitunzia viatu.

Mzee wetu, asante kwa miaka yote uliyotangulia kuketi mahali ambapo wengine wangeketi baadaye. Asante kwa sauti mbaya ya chai. Mwambie shemeji kitanda sasa ni chako, lala mpaka jua lipande. Tunakutakia maisha mema, afya njema, na kila barabara utakayopita iwe ya lami. Tukirudi, gari halitakuja ofisini kwanza. Litasimama mlangoni pako, uligonge, nami nikuambie.