Nguzo ya Tatu

Funga mlango, mama, binti yangu, na muuguzi akiuliza mwambie nimelala. Na wewe, baba, kijana wangu, tia hiyo simu mfukoni, hao wanaouliza viti vya wageni vipangweje watangoja kidogo, kwa maana nina neno la kuwaambia nyote watatu na pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia maneno. Nisikilizeni mpaka mwisho, wanangu, ndipo mlie, ndipo mkasirike. Na mtakasirika.

Nianze na mali, maana ni kidogo. Nyumba ni yenu nyote, isiuzwe wala isijengwe ukuta katikati; ndugu wanaotenganishwa kwa matofali huishia kusalimiana kwa barua za wakili. Fidla yangu apewe kitindamimba, si kwa kuwa anaipiga vizuri kumshinda kaka yake, bali kwa kuwa ndiye pekee anayeifuta vumbi bila kuambiwa. Viatu vyangu vya jukwaani tupeni, vimechoka kuliko mimi. Kama yangekuwa hayo tu, ningemwita karani aandike, nami nikageukia ukutani nikalala. Lakini kesho saa kumi jioni mnafungua msimu wa kwanza katika ukumbi mpya, maonyesho sita, mabango mji mzima, na mimi nasema hamtafungua.

Tulia, baba. Bado sijafa, zamu yako itakuja.

Mnakumbuka tulivyouhangaikia ukumbi ule. Kiwanda cha barafu kilichokufa kabla hamjazaliwa, kuta nene zilizojengwa kuzuia joto lisiingie, zikawa zinazuia sauti isitoke. Mnakumbuka nilivyopeleka fomu ya kibali nikaandika "muziki wa chumbani", maana ndivyo unavyoitwa, muziki wa watu wanne watano wanaokaa karibu na kusikilizana. Afisa akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Mzee," akaniambia kwa sauti ya chini, "mambo ya chumbani si ya idara hii." Nikamweleza. "Sasa kama ni wa chumbani," akasema, "kibali cha ukumbi mnakitakia nini?" Faili letu likaenda kukaa miezi minne katika idara ya nyumba za kulala wageni, na lilipotoka huko lilikuwa na sharti la kubadilisha mashuka. Tulicheka sana siku ile. Mimi nilicheka kuwashinda, kwa kuwa nilijua watu wanaohesabu mashuka hawatahesabu nguzo.

Miaka thelathini na minane nimepiga fidla ya pili. Fidla ya kwanza ndiyo inayoimba. Ya pili inashikilia, kama mtu anayemshikia mwenzake ngazi apande kutundika picha, na wageni wakija husifu picha. Nimepiga katika mabwalo ya shule vijiko vikigongana, katika kumbi za mikutano ambamo feni ilikuwa na sauti kunizidi. Mama yenu, Mungu amrehemu, alikuja kila mara na kila mara alikaa safu ya pili. Mwaka wa ishirini wa ndoa yetu ndipo aliponiambia, bila ubaya, akimenya viazi: "Mume wangu, mkono wako nauona unakwenda, lakini sauti yako sijapata kuisikia." Nilicheka na hapo pia. Neno lile lilikaa kifuani mwangu kama mfupa wa samaki, na nimekaa nalo mpaka siku tuliyoujaribu ukumbi wa barafu, nikapiga, nikajisikia. Sauti yangu ilikwenda ukutani ikarudi kunisalimu. Mtu wa umri wangu, wanangu, akisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza, si mtu wa kuaminiwa tena kwa kitu chochote.

Palikuwa na nguzo tatu za chuma. Zilibeba boriti kuu, na juu ya boriti ile, darini, limo lile tangi zito la enzi za kiwanda ambalo hakuna aliyeweza kulishusha. Nguzo ya kati, kila binti yangu alipoivuta sauti moja ya chini kwenye selo, ile fidla kubwa ya kusimamishwa sakafuni, iliitikia. Ilinguruma kama mbwa aliyekanyagwa mkia, na ngurumo ile haikuifunika fidla ya kwanza, wala fidla nene, ile viola, iliifunika ya pili tu. Tukaivika blanketi, ikanguruma ndani ya blanketi. Tukaifunga mpira wa gurudumu, ikanguruma kwa adabu zaidi. Basi nikamwita fundi aliyetukarabatia jengo, yule tuliyempa jina la Kimya kwa kuwa husema mara mbili kwa siku, nikamwambia aitoe.

Akaitazama nguzo, akatazama juu, akanitazama mimi. "Mzee, hili si pambo." Hiyo ikawa mara yake ya kwanza siku ile. Nikamwambia boriti ni mti mgumu, imekaa miaka sitini haijatikisika. "Imekaa kwa kuwa imeshikwa," akasema, na hiyo ikawa ya pili. Nami mbele ya vibarua wake nikamjibu kwamba mtu aliyezaliwa na masikio ya zege hawezi kumfundisha kazi mwanamuziki. Akakusanya vifaa vyake akaenda zake, na mpaka nilipoanguka tulikuwa tukikutana njiani, anavuka barabara. Ninyi niliwaambia amesema nguzo ile ni ya kutolewa tu, kisha amepata kazi mji mwingine. Nikamtafuta mchomeleaji wa mageti, mtu wa haraka asiyeuliza, akaikata nguzo kabla chai haijapoa. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu mimi lilikuwa sikio zuri kuliko yote mjini.

Mkaguzi alikuja na ramani. Ramani ina nguzo tatu. Akahesabu, moja, mbili, akasimama pale katikati akigeuka huku na huku kama mtu aliyesahau alikoweka kofia. "Mzee, ya tatu iko wapi?" Nikamshika bega nikamwambia, "Ya tatu ndiyo wewe, mheshimiwa, bila wewe ukumbi huu ungesimamaje?" Akacheka mpaka machozi, akagonga mhuri. Wanangu, nimesema uongo mwingi maishani, wa adabu na wa woga, lakini huo ndio pekee niliopigiwa mhuri.

Nipe maji. Kidogo tu. Basi.

Juma lile lile nilifunga uzi kutoka ukuta hadi ukuta, kidole kimoja chini ya boriti. Nilijiambia ni wa kupimia mwangwi. Mwezi wa kwanza kidole kikawa hakipiti. Mwezi wa pili boriti ikaulalia uzi. Siku nilipouona uzi umeinama kama kamba ya kuanikia nguo, na ukutani, pale boriti inapoingilia, ufa wa kuingia ukucha, nilichukua ngazi, ndoo ya lipu na brashi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba, wanangu, niliuziba vizuri sana, nikaupaka rangi mara mbili, na ninyi na macho yenu mmepita chini yake mkaniambia ukumbi umependeza. Sikuanguka nikibadilisha taa kama nilivyowaambia. Nilikuwa nashuka kutoka kwenye ufa. Boriti ililia, mlio mmoja mfupi, kama mtu anayekohoa chumba cha pili, nikageuza shingo nimsikilize, mguu ukaikosa ngazi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Niliyaficha ya jengo, nikaumbuliwa kwa nyonga na mapafu yangu. Siku kumi na tisa nimelala hapa mkiniletea habari za mabango, nami nawaitikia, vizuri, vizuri.

Haya, baba, sasa sema.

Ndiyo. Tiketi zimekwisha, watu mia mbili, wageni wako njiani, na daktari amekwambia homa hii huleta maneno. Nimekusikia. Basi usiniulize mimi, kauulize uzi. Uzi hauna homa. Uko pale pale, nyuma ya taa za jukwaani, na sasa hauning'inii tena, umekatika. Kitindamimba aliniletea kipande chake juzi akidhani ni uzi wa fidla. Muulize. Unaona anavyoinama?

Na wewe mama, usiangalie mikono yako hivyo. Ulipiga sauti uliyoandikiwa upige. Aliyekata nguzo ni mimi.

Nawajua, ndiyo maana sitosheki na ahadi. Nikifa leo, kesho mtasema onyesho liendelee kwa heshima ya marehemu. Mtaweka picha yangu kwenye kiti na ua juu yake, mtawasimamisha watu mia mbili dakika moja kimya, na safu tatu za mbele chini kabisa ya tangi lile. Heshima ya namna hiyo siitaki, naikataa nikiwa na akili zangu. Wala msiniambie mtatia kufuli. Kufuli ni lenu na ufunguo ni wenu, na simu za watu zitawalainisha kabla ya jioni. Nataka mlango ambao hata ninyi hamwezi kuufungua.

Barua iko chini ya mto. Vuta. Muuguzi ndiye aliyeniandikia, naye amekula kiapo cha kazi yake asiseme. Ni ya kuomba kibali kifutwe na mlango utiwe lakiri ya serikali. Kufungua ukumbi kulitaka saini moja. Kuufunga kunataka saini za wanakamati wote wanne, ndio sisi, na walio wazima wafike wenyewe na vitambulisho. Nimeisoma kanuni, imeandikwa na mtu aliyewahi kuumizwa sana na binadamu. Tieni saini. Na wewe. Na wewe, baba... Asante. Mungu akulipe kwa hiyo. Sasa nishike kiganja. Si hapo, hapo ni pa mhuri. Hapa. Imepinda, lakini ni yangu.

Warudishieni watu chao. Kisha mwendeeni Kimya, nyote, kwa miguu, mumwambie mbele ya vibarua wake kwamba mzee alikosa na alijua amekosa. Msimlipe maneno, mpeni kazi. Akisema nguzo moja, moja. Akisema nne, nne, hata zikinguruma zote. Mkija kupiga humo siku moja, pigeni. Mimi nilikwisha kusikika, na mmeona gharama yake.

Pendaneni. Atakayemlaumu mwenzake kwa ajili yangu, radhi yangu hana. Waliobaki nimewaridhia, nimewaridhia kwa kila usiku mlioniamsha na kila... ngoja. Ngoja nipumue. Mungu awape kazi msiyoipenda kupita kiasi. Awape marafiki wasemao mara mbili kwa siku. Mama yenu nikimkuta, nitamwambia mko wazima.

Sasa nendeni. Hapana, asibaki hata mmoja, watatu ndio wanaotakiwa. Najua haipendezi. Watu watasema walimwacha baba yao kitandani wakaenda ofisini... waacheni waseme. Kuna kifungu kidogo, mwishoni mwa kanuni. Mwanakamati akifariki kabla barua haijagongwa mhuri, barua ni batili. Kamati ichaguliwe upya. Tangazo libandikwe siku ishirini na moja. Mmeelewa? Siku ishirini na moja.

Ni saa saba na robo. Wanafunga saa tisa na nusu, na yule afisa huchelewa kurudi kutoka kula. Msibishane naye. Mcheke akitania.

Mimi nitajikaza. Nitaitazama saa ile ya ukutani, ni kubwa, naiona. Mpaka saa tisa na nusu nitakuwepo, nawaahidi... hata ikifika tisa na dakika arobaini, foleni ikiwa ndefu. Busu baadaye, mama. Chukua kitambulisho chako. Nendeni, wanangu, nendeni, mkiniacha hai.