Mashine Mbili, Batiri Moja

Tak. Estelle aliisikia usiku, mara moja tu, kisha feni ya mashine ikanyamaza. Asubuhi antena za Kasongo ziliwaka kama kawaida, ila intaneti haikufungua kitu: mashine inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ilikuwa imeungua. Estelle, fundi wa kampuni ndogo aliyoianzisha na kaka yake, akaenda kwenye benchi la kahawa la mama Léocadie. Dereva wa pikipiki alikuwa anakwenda Kindu kununua mashine mpya, na Estelle alipaswa kusema mashine gani. Akikosea, wateja watahamia kwa kampuni jirani na kampuni itafungwa.

— Leta mashine moja kubwa, dada, alisema Hippolyte, fundi redio wanayemwita Papa Antene. Kubwa kama frigo.

— Frigo itakula umeme wote wa solaire. Ninawaza ndogo mbili. Moja ikikufa, ingine inajibu.

— Na programu?

— BIND inajua kazi nyingi. Unbound ni nyepesi, inatafuta majina tu. Nitachukua nyepesi.

— Nyepesi inaibwa, alisema Dady, ambaye kijiwe kinamwita Ministre. Miye naona tuchimbe shimo, tuzizike kwenye baridi, juu tupande mihogo.

— Ili tuvune intaneti na majani ya sombe? aliuliza Hippolyte.

— Cheka tu. Redio yako inatafuta Kindu, inashika Bujumbura.

Estelle hakucheka. Alitazama pikipiki iliyokuwa inamsubiri.

Mama mmoja, Waridi, alikuwa ameshuka kwenye pikipiki ya abiria kutoka Wamaza, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikunywa kahawa yake akisikiliza.

— Hizo mbili mutaziweka wapi?

— Ofisini, mama. Moja juu ya ingine.

— Batiri iko ngapi?

— Moja.

— Sasa batiri ikikufa, ni gani itajibu?

Mama Léocadie alimwongezea Waridi kahawa.

— Ya pili iende Kabambare, alisema Estelle polepole. Antena yetu ya kule iko na batiri yake.

— Na nani ataichunga? aliuliza Hippolyte, kisha akajiuma mdomo.

Benchi zima lilijua. Kabambare fundi alikuwa mmoja, kaka yake Estelle, ambaye hakuja kumzika mama yao. Tangu matanga yale kijiwe kilimwita “yule wa kule” tu. Estelle hakumtaja kabisa.

Pikipiki ya Kindu iliwaka.

— Mama fundi, nilete ngapi? aliuliza dereva.

— Mbili.

Estelle alitoa simu.

— Papa Antene, unipe namba. Niliyokuwa nayo niliifuta.

— Namba ya nani?

— Ya kaka yangu. Ya Placide.