Fredrick Omondi Nyawara, Mtega Vicheche wa Rusayl

Marehemu Fredrick Omondi Nyawara alizaliwa tarehe 14 Aprili 1989 hapo Ugunja, Siaya, mtoto wa nne wa Mama Dorka. Wasifu huu nimeuandika mimi, dada yake Millicent, nikiwa Muscat. Sikupewa ruhusa kazini ya kusindikiza mwili, hivyo binamu yetu anausoma kwa niaba yangu.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 2008. Mwaka 2014 alimwoa Stacy, wakajaliwa mtoto, Ian.

Februari 2021 nilimtafutia kazi ya kutega wanyama waharibifu huku. Mama alinipigia simu akasema, "Huyu nimekukabidhi wewe."

Huko Rusayl, eneo la viwanda nje kidogo ya Muscat, mwenye ghala moja alikuwa ameleta vicheche wa kufugwa wamalize panya. Panya wakabaki. Vicheche wakatoroka, wakazaana darini, wakaanza kula kuku wa jirani. Omondi akaitwa. Alitega kwa samaki wa mkebe na kukagua kila mtego asubuhi na jioni, kwa sababu mnyama akisahaulika ndani ya chuma katika joto hili, anaiva. Aliyenaswa alimfunika kwa gunia bichi na kumwambia, "Pole, buda. Hata wewe uliletwa na kazi." Tulimcheka sana.

Kila Alhamisi alifunga mitego yote isinase kitu, maana Ijumaa ghala halifunguliwi. Alhamisi tarehe 10 Julai 2025 alisahau mmoja, ule wa juu ya paa. Alikumbuka Ijumaa adhuhuri, akaenda kwa basi, kisha kwa miguu, joto likiwa nyuzi arobaini na saba. Hatem, mlinzi wa lango, bado analia akinisimulia: "Nlimwambia angoje alasiri, dada. Akanambia anapanda mara moja tu." Hatem ndiye aliyemkuta ameanguka paani. Alifariki hospitalini saa kumi na mbili jioni. Mtego ulikuwa mtupu.

Ameacha mama yake, mjane Stacy, mwanawe Ian wa miaka tisa, na sisi ndugu zake watano.

Juzi Mama aliniuliza kama Omondi alinitafuta siku ile. Nilisema hapana. Nilisema uongo. Alinipigia mara tatu, kisha akaniachia ujumbe nimpeleke kwa gari. Nilikuwa kanisani, kwani huku tunasali Ijumaa, siku ya mapumziko, na simu nilikuwa nimeizima. Mama, alinipigia. Sijui nitakaaje na jambo hili.

Mungu ampe Omondi pumziko, penye kivuli.