Kitufe cha Msiba

Nje ya ofisi moja ya uchapaji lipo benchi lililovunjika mguu likategemezwa kwa matofali, na hapo huketi watu watatu niwafahamuo vyema: Karani, ambaye ndiye mwenye ofisi, Fundi Redio, na Kinyozi wa mlango wa pili. Karani alikuwa amenunua kibodi yenye vitufe vya ziada. Kitufe hufundishwa maneno mara moja tu. Kikibonyezwa baadaye, maneno yote hujiandika yenyewe. Zama zetu kalamu iliandika herufi moja moja, na kila herufi ilimpa mwandishi wasaa wa kutubu. Asubuhi moja nilimkuta Karani ameshika nakala ya barua, kahawa yake imepoa.

KINYOZI: Hebu isome tena.

KARANI: "Kwa majonzi makubwa tunatangaza kifo cha baba mzazi wa binti ninayemposa."

KINYOZI: Lahaula! Umemposa yatima!

KARANI: Ilipaswa kuanza, "Kwa heshima na taadhima naleta salamu kwa baba mzazi..." Kitufe cha posa nilikiweka jirani na cha misiba. Nikabonyeza, nikachapisha, nikatia kwenye bahasha.

FUNDI: Bila kusoma?

KARANI: Kaka, ningesoma, kitufe kingekuwa na faida gani?

KINYOZI: Na barua iko wapi?

KARANI: Shangazi ameshaipeleka. Miaka mitatu namsubiri yule binti, jamani!

FUNDI: Kosa si lako. Kitufe kina kumbukumbu. Wateja wako wote ni wafiwa, basi nacho kimezoea kulia.

KINYOZI: Acha porojo, Fundi. Kibodi ile inanusa. Imejua mzee ni mgonjwa.

KARANI: Mzee mzima kama chuma! Jana alikuwa juu ya paa anapiga misumari.

FUNDI: Basi kibonyeze kinyumenyume, afufuke.

KARANI: Kinyumenyume vipi?

FUNDI: Geuza kibodi, bonyeza kwa chini.

KINYOZI: Usimsikilize. Andika barua ya pili: "Tuna furaha kuwatangazia kwamba marehemu amepata nafuu."

FUNDI: Hiyo itazua maswali. Afadhali tutangaze msiba mtaa mzima, tukodi viti. Watu mia wakishalia, mzee mmoja atabisha na nani?

KARANI: Fundi, nimeomba msaada, sikuomba kaburi!

Hapo akatokea Shangazi, kanga begani, anahema kwa mwendo. Karani alisimama wima, mikono imekutana kifuani.

KARANI: Shikamoo, Shangazi. Mzee ameisoma?

SHANGAZI: Marahaba. Ameisoma mara mbili. Ya pili kwa sauti, mbele ya mkewe na binti.

KARANI: Akasemaje?

SHANGAZI: Ametoa kanzu yake nzuri sandukuni, anaipiga pasi. Amenituma nikuulize: mazishi ni saa ngapi, asije akachelewa?

Kinyozi alimtazama Fundi. Fundi akatazama viatu vyake.