Marehemu Muasya Hakuwa Amelewa

Waumini wenzetu, karatasi hii inasomwa na Mukonyo, ndugu mdogo wa marehemu, naye anaomba asikatizwe hata ikimchoma mtu.

Marehemu Stefano Muasya alizaliwa Kilimambogo mwaka wa 1919, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akabatizwa tarehe 5 Aprili 1942, akamwoa Mwongeli hapa Thika mwaka wa 1944, wakajaliwa watoto watatu, na tangu 1950 alikuwa mkuu wa matangi ya kahawa katika shamba moja la Ruiru, kazi yake ikiwa kuingia miguu mitupu ndani ya tangi na kukanyaga kahawa iliyomenywa, akijua kwa nyayo kama ule ute unaozifunika punje umeisha na punje zimeanza kukwaruza.

Ute huo umejaa maji, ukiukanyaga kwa haraka unakutupa kwenye saruji, lakini Muasya alikuwa anaweka unyayo, anatulia mpaka uzito wake ukamue maji na mguu ushike, ndipo anainua mwingine, wala hakuanguka hata siku moja, na kwa huo mwendo vijana walimwita Kinyonga, na Mukonyo, ambaye marehemu ndiye aliyemtafutia kazi hapo, alicheka kuwashinda wote.

Tarehe 14 Novemba 1957, saa nne asubuhi, Mukonyo alimsukuma mgongoni kwa reki ya mbao akipiga kelele, “Tembea kama mwanamume, wewe Kinyonga!”, kaka akateleza, akagonga ukingo wa tangi, akavunjika uti wa mgongo, akalala kwenye ute akiomba mkono, watu wakicheka, Mukonyo naye akicheka, na msimamizi alipofika Mukonyo akasema, “Amelewa, bwana,” ilhali marehemu hakuwahi kuonja pombe.

Uongo huo ulifika kanisani, wazee wakamfungia meza ya Bwana asishiriki mkate na divai, Mwongeli akahama kiti cha mbele, na kwa siku kumi na tisa hospitalini Thika marehemu hakumtaja ndugu yake kwa yeyote, alimwambia tu, “Mweleze mchungaji, Mukonyo, nishiriki hata mara moja,” na Mukonyo akajibu, “Kesho, kaka,” kila siku kesho, hadi tarehe 3 Desemba, alipokufa bila kushiriki.

Familia inawashukuru madaktari, majirani waliomgeuza kitandani, wafanyakazi wenzake waliochimba kaburi hili, na wazee wa kanisa, ambao walidanganywa na huyu anayewasomea.

Pumzika kwa amani, kaka, Mukonyo hakuombi msamaha leo, maana huwezi tena kumkatalia.